Goti la Kaka Yako

Mwanangu Shani,

Salamu nimeziruka kwa makusudi. Asubuhi tumekunywa chai meza moja, nimeona kwa macho yangu kwamba u mzima na chapati tatu umezimaliza, na hali yangu unaijua. Sasa umekwenda Rusimbi kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawatakuachia mpaka wakulishe tena. Kwa hiyo nina kama saa mbili, kalamu yako ya bluu niliyoiiba kwenye begi, na karatasi nilizochana katikati ya daftari ambalo kaka yako Rajabu huchorea vigoda vyake. Barua hii nitaitia ndani ya bahasha ya vyeti vyako. Wewe ni mtu wa kukagua vyeti kila treni ikisimama, basi utaikuta kabla hujafika Tabora.

Mambo ya kula, kulala, kuvaa na wanaume wa Dar es Salaam sikuandikii. Shangazi zako wanakuambia hayo sasa hivi, kwa pamoja na kwa sauti, na wala huna haja ya kuyasikia mara mbili.

Nakuandikia jambo moja tu. Nimelikalia miaka minane. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umefua. Tangu lini mimi nikauliza kama umefua? Ungeshtuka, lakini ulikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hatazami sana uso wa mama yake.

Siku kaka yako alipoanguka ulikuwa shule ya bweni, Kasulu. Unachokijua ni kile nilichokusimulia. Sasa nakusimulia ilivyokuwa.

Ilikuwa masika. Tulikuwa shambani Simbo, mimi na Rajabu tu, tunamngoja Bukuru, yule kijana wa kutoka juu huko, upande wa kambi za wakimbizi, aliyekuwa akitukwelea michikichi. Tulikubaliana aje saa moja asubuhi. Saa tatu ilipita hajaonekana. Mwenye mashine ya kukamulia mawese alikuwa amenipa zamu jioni ile, na ukikosa zamu wakati wa masika unangoja wiki nzima huku mikungu inakuozea. Nikaanza kuzungumza peke yangu, na unajua nikianza kuzungumza peke yangu kila aliye karibu anapata fungu lake.

Rajabu alikuwa seremala, Shani. Alikuja kunisaidia kubeba tu. Alikuwa hajakwea tangu aanze ufundi. Aliushika mti, akautazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, huu umelowa. Tumsubiri Bukuru."

Nikamwambia, "Babu yako alipanda mpaka kifua kikaota mvi. Wewe unaogopa maji?"

Alicheka. Akaichukua kamba ya kukwelea, akajifunga, akapanda.

Sikumlazimisha. Maneno haya nimejiambia miaka yote, kwamba sikumlazimisha, nilimcheka tu. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili ukimcheka mbele ya mti, umemlazimisha. Ulimi wangu watu wanaupenda. Kwenye harusi wananiita niwachekeshe. Wewe mwenyewe umeurithi, nimekusikia unavyowatania wagonjwa wodini. Basi kabla ya kumtania mtu, tazama kwanza amesimama wapi. Hilo tu.

Alikata mkungu wa kwanza ukaanguka. Alipokuwa anaukata wa pili mguu ukateleza, kamba ikamwachia, akaja chini. Aliangukia mgongo, juu ya mzizi. Nilifika pale kabla sijajua kama nimekimbia.

Alikuwa amelala chali, macho wazi. Akaniita mama kwa Kiha, kama anavyoniita kila akiumia tangu mtoto, "Mawe, mgongo." Halafu akalikunja goti la kulia.

Nalirudia, Shani, kwa sababu barua yote hii ni kwa ajili ya goti hilo. Alilikunja. Aliuvuta mguu, kisigino kikaburuza tope, kikaacha mfereji mdogo wenye urefu wa kiganja. Nililiona goti likipanda na nikauona ule mfereji. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Kisha nikafanya nilichofundishwa. Babu yako na wakwezi wenzake walikuwa na desturi yao. Mtu akianguka na akawa hai, haachwi chini. Anasimamishwa pale pale, anaushika mti ule ule kwa mikono miwili, ndipo anapelekwa nyumbani. Walisema akiachwa alale hofu inamwingia na hapandi tena. Nilimwona baba yangu akisimamishwa hivyo mara mbili nikiwa msichana, na mara zote mbili alirudi nyumbani kwa miguu yake. Sikumwona yeyote aliyesimamishwa akaharibika. Au labda walikuwepo na hawakutajwa. Hilo nimekuja kulifikiria baadaye sana.

Nilikuwa nimeshamshika chini ya makwapa Bukuru alipotokea, anahema, baiskeli ameitupa njiani. Akapiga kelele, "Mama, musimwinue! Huo ni mgongo! Mumuache alale, nitafute ubao!"

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Kila nikirudi kwenye siku ile narudi pale, kwenye sauti ya Bukuru. Nikamwambia, "Ungekuja saa moja mwanangu asingepanda. Umechelewa, na sasa unanifundisha? Shika bega."

"Mama, mimi kule kambini nilikuwa nabeba wagonjwa. Walituonyesha. Mtu wa mgongo anabebwa amelala..."

"Nimesema shika bega."

Yeye alikuwa kibarua na mimi mwenye shamba. Akashika bega.

Tukamwinua. Mlio alioutoa sitauandika. Tukamwegemeza mtini, nikamwekea mikono yake kwenye shina, mmoja huku na mmoja huku, kama baba alivyowekewa. Mikono ilishika. Miguu ilikuwa inaning'inia tu. Rajabu akatazama chini, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia viatu, "Mama, miguu yangu iko wapi?"

Baada ya hapo unaijua sehemu iliyobaki, ila hujui alivyobebwa. Nilikuambia tulimlaza kwenye gari la mchanga. Hakukuwa na gari la mchanga. Tulimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Bukuru, ameketi, na miguu yake nikaifunga kwa kanga yangu ili isiburuzwe. Njia yote ile, na mashimo yake yote ya masika. Mimi nilikuja nyuma na pikipiki nyingine, na kichwa chake nilikiona kinalala huku na huku mpaka mjini.

Hospitali daktari akaniuliza, "Baada ya kuanguka, alisogeza miguu hata kidogo?"

Bukuru alikuwa pembeni yangu, kofia mkononi. Nikasema, "Hapana. Tangu alipogusa chini."

Bukuru alinitazama, kisha akatazama sakafu. Wiki ile ile nikasikia amehamia Mpanda. Nilifurahi. Nakuambia ukweli wote, nilifurahi kwamba mtu aliyetaka kumwokoa mwanangu amehama mkoa.

Sijui kama kumwacha alale kungebadilisha kitu. Wewe mwenyewe uliwahi kunieleza, ukiwa unamenya ndizi, kwamba uti wa mgongo ukiumia uvimbe huendelea kuubana hata baadaye, na wapo wanaobebwa vizuri na bado wanapoteza miguu. Nilikusikiliza nimekupa mgongo, nakoroga sufuria isiyo na kitu cha kukorogwa. Nilitamani useme tena. Nilitamani uniambie kwa hakika kwamba ingekuwa vile vile. Hukusema, kwa sababu wewe husemi usichokijua, na kwa sababu hukujua unaongea na nani.

Yaliyofuata baada ya hospitali nayo yametoka kwenye lile neno "Hapana". Unamkumbuka yule bwana wa miwani aliyekuja Ujiji, aliyesema anamjua daktari nje ya nchi mwenye sindano ya kufufua mishipa? Mtu mwenye akili angemwuliza maswali mawili tu akamfukuza. Mimi nilimkaribisha pilau. Nikaunda kamati kama ya harusi, na kadi, na kikundi cha WhatsApp, na mtaa wetu mzima wa Buzebazeba ukachanga, hata mama muuza dagaa aliyekuwa hana paa. Yule bwana akaondoka na fedha na sindano yake na simu yake ikawa haipatikani. Watu walinionea huruma wakasema uchungu wa mama. Haukuwa uchungu peke yake. Nilitaka Rajabu asimame haraka, kabla mtu hajaniuliza kwa nini alilala.

Ndiyo maana ulipomaliza uuguzi ukaniambia unataka kufuata mambo ya utafiti wa uti wa mgongo, nilikuwa mkali vile. Ulidhani nahofia utapeli mwingine. Nikasema watafiti wanakula posho tu na hakuna aliyesimama. Ukajibu kwa upole ambao sikustahili. "Mama, dawa ya kuunganisha uti bado haipo. Mtu akikuambia ipo, mkimbie. Lakini ipo kazi ya kuitafuta, na ipo kazi ya kuokoa kilichobaki mtu anapoumia tu. Zote mbili zinakwenda polepole kwa sababu fedha ni chache, na fedha ni chache kwa sababu wagonjwa wenyewe wamefungiwa ndani na hawaonekani." Ukatazama mlango wa chumba cha Rajabu. Nikakuambia kachote maji.

Sasa nafika kwenye karatasi ya maswali.

Ulikuja nayo siku ya Jumapili, ya kwanza kabisa, ulitaka kujifunzia kwangu kabla hujaenda kwa familia za watu. Ulikaa kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda, na Rajabu alikuwa chumbani kwake, mlango umeegeshwa, nasikia msasa unakwenda kwenye mguu wa kiti. Ukaniuliza jina, umri, tulikaa umbali gani na hospitali. Ukaniuliza alibebwa vipi. Nikasema amelala. Ukaniuliza, "Kabla ya kubebwa, aliweza kusogeza sehemu yoyote ya miguu?"

Msasa ukanyamaza.

Nikasema, "Hapana." Ukaandika. Ukaninong'oneza, "Pole, Mama," ukanishika goti. Msasa ukaanza tena.

Ningejibu nini, Shani? Uliniuliza mbele ya mlango wake. Lakini hata ungeniuliza katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi, hakuna mtu, ningesema vile vile. Nilikuwa nimelizoea lile neno, na lilitoka lenyewe.

Halafu mkaanza kuomba fedha, wewe na Daktari Neema, mkuu wako wa utafiti. Mara ya kwanza mkanyimwa. Mara ya pili mkanyimwa, na ulilala na uniform mpaka asubuhi. Wenye fedha walitaka kujua kwa nini wasaidie swali hili na siyo jingine, wakati wagonjwa wa malaria wamejaa. Mara ya tatu Daktari Neema akakuambia uandike kwa nini wewe. Ukaandika ukurasa mmoja, ukaja kutusomea sebuleni, Rajabu kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi mlangoni. Naikumbuka sentensi yake kuliko dua nyingi ninazozijua: "Kaka yangu alipoteza miguu yake mara tu alipogusa ardhi, na hakuna ambacho familia yangu ingeweza kufanya." Ulilia ulipofika hapo. Na mimi nililia. Ukanikumbatia ukidhani tunalilia jambo moja.

Na ukurasa ule ndio uliowalainisha. Ukapata nafasi ya kwenda kusoma, mkapata fedha, na kesho unapanda treni juu ya neno langu.

Nikatafuta pa kujificha. Unakumbuka nilivyosimama kwenye kikundi chetu cha akina mama wa mawese, nikasema kila msimu tutoe dumu moja moja liuzwe, zipatikane nauli za wagonjwa wa mgongo watakaoitwa kuja kuchunguzwa? Mama Asha alinicheka, "Dumu la mawese litanyoosha mgongo wa nani?" Nikamjibu vibaya, wakakubali, na wewe ulijivuna sana. Ulimpigia Daktari Neema ukamwambia mama yangu amebadilika, sasa anachangia utafiti. Shani, nilitoa madumu mawili. Ningetoa kumi. Kazi yenu haikuwa na shida ya mafuta yangu kwanza. Ilitaka kitu kimoja kutoka kwangu, jibu la swali moja, na hicho nilikinyima huku nikishangiliwa.

Nakuomba ufikirie jambo hili kama muuguzi, siyo kama mwanangu. Mmekwenda kwenye nyumba ngapi na karatasi ile? Kila nyumba mmekaa sebuleni na mama, au baba, au mke. Wangapi walimwinua mtu wao? Huku kwetu kwenye michikichi, ni wangapi walimsimamisha akaushika mti? Na wangapi wamewajibu kama mimi? Mtaweka majibu yetu pamoja, myatazame, mseme kumbe wa Kigoma wakianguka hupoteza miguu pale pale, basi hakuna haja ya kutafuta kitu kati ya mti na hospitali. Na fedha zitakwenda kwingine. Na mkwezi wa masika yajayo atainuliwa na mama yake.

Mtu anayejiona ana hatia usimwulize kwa karatasi. Sijui muulize vipi, hiyo ni kazi yenu mliosoma. Ila mimi najua ni nini kingenifungua mdomo. Kama ungeanza kwa kusema, "Mama, wengi huku huwainua watu wao, ndivyo walivyofundishwa, hakuna anayekuja kuwashika." Kama ungesema hivyo, halafu ukanyamaza kidogo. Labda. Sikuahidi, maana mimi ni mkaidi. Lakini mwingine angesema.

Rajabu nimemwambia leo asubuhi. Ulikuwa umekwenda sokoni kununua kufuli la begi. Nilisimama mlangoni kwake kama mtoto aliyevunja chungu. Nikasema, "Rajabu, siku ile ulikunja goti."

Hakugeuka. Alikuwa anapaka vanishi. Akasema, "Nililikunja mwenyewe, Mama. Ulidhani nimesahau?"

Nikakaa chini. Nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hii, kwa nini aliwaambia watu hakumbuki kitu.

Akaweka brashi. Akasema, "Nani alikuwa ananigeuza kitandani? Kila baada ya saa mbili nisiote vidonda, nani? Nani alikuwa anabadilisha mpira wa mkojo? Mtu ambaye uhai wako uko mikononi mwake humwambii kitu kama hicho. Miaka mitatu ya kwanza nilikuchukia, Mama. Ulikuwa unaniletea uji, nakunywa, nasema ahsante, na nakuchukia."

Nikasema, "Na sasa?"

"Sasa nimechoka kukuchukia. Ni kazi, na mimi nina viti vya watu vya kumaliza." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Halafu hakucheka tena. "Ila kuna kitu kimoja kinaniuma mpaka leo. Shani alikaa kwenye mkeka pale nje, akakuuliza wewe kama mimi nilisogeza miguu. Mimi nipo hapa, mlango umeegeshwa tu. Mgonjwa ni mimi. Miguu ni yangu. Hakuna aliyeingia kuniuliza. Daktari hakuniuliza siku ile, na mdogo wangu hakuniuliza."

Kisha akasema, "Asiondoke na uongo wetu."

Alisema wetu. Mimi peke yangu ndiye niliyeutamka, na yeye akajitia humo, akaubeba na mimi. Hapo ndipo nililia kilio ambacho sijakilia tangu Simbo, na akanifuata pale sakafuni, akasogeza kiti, akaweka mkono wenye vanishi kichwani kwangu. Ukiniona leo jioni na kilemba kipya, ni kwa sababu nywele zimegandana.

Basi, mwanangu. Najua ninachokufanyia. Ukurasa wako una uongo ndani yake, na fedha zimetolewa kwa ukurasa ule. Wenye fedha wakiambiwa, wanaweza kusema sawa, rekebisheni mwendelee. Wanaweza pia kusema warudishiwe, na wewe urudi Kigoma na begi lako na kufuli lake jipya, na watu wa mtaani waulize. Ningeweza kunyamaza ukasoma miaka yako minne ukarudi mtu mkubwa. Mama mwema labda angenyamaza. Nimejaribu kuwa mama mwema wa namna hiyo kwa miaka minane na umeona wema huo ulikonifikisha.

Usinitetee. Nakujua, utataka kuandika kwamba mama alichanganyikiwa, kwamba ni mshtuko, kwamba kumbukumbu huwa hivi na vile. Sikuchanganyikiwa. Niliona, nikaambiwa, nikakataa, nikadanganya. Andika hivyo. Na mwandike Bukuru pia, kwamba alikuwepo mtu aliyejua la kufanya na hakusikilizwa kwa sababu alikuwa kibarua. Mkiweza, mtafuteni Mpanda. Mtu kama yeye ana cha kuwafundisha wakwezi kuliko mimi na madumu yangu. Mkimpata, mwambieni Mama Rajabu anamsalimu, na kwamba alisema kweli.

Namsikia shangazi yako mkubwa anapiga kelele barabarani, maana yake wamekusindikiza, na wamekuja wote. Sijamaliza, lakini nikiendelea nitaanza kuomba msamaha, na sitaki ukae ndani ya treni siku nzima unanisamehe kwa kuwa mimi ni mama yako na uko mbali na umeshaanza kunikumbuka. Msamaha wa hivyo nisingeuamini.

Ukifika mwisho wa karatasi hii, usinipigie mimi. Mpigie Daktari Neema, umwambie lile andiko lina kosa na kosa limetoka nyumbani kwenu. Halafu mpigie kaka yako, umwulize yeye ulichoniuliza mimi, na uandike anachokujibu. Mimi niweke wa mwisho. Ikichukua siku, sawa. Ikichukua mwaka, simu yangu itakuwa na chaji.

Mama yako,
Zuhura